Mafuta ya Moyo Wangu na Manyoya ya Karnivali

Jumatatu, 2 Novemba

Siri kubwa! Nikiitoboa nimekwisha. Kwa hiyo naiandika hapa tu.

Leo tulipotoka makaburini kuwaombea marehemu Lei Habets alinivuta kando, nyuma ya ukuta wa kanisa. Lei ni mwenyekiti wa Baraza la Kumi na Moja, wale wenye kofia ndefu wanaosimamia karnivali hapa Eikenrade, Limburg, kusini kabisa mwa Uholanzi. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaninong'oneza kwamba Mwanamfalme wa Karnivali wa safari hii, yule anayeongoza maandamano, atatoka kwa watu wawili. Mimi, Giel Vroemen. Au Huub Pasmans.

Huub! Fundi bomba mstaafu! Mpiga ngoma kubwa katika bendi yetu, mtu ambaye kazi yake ni kugonga na kungoja kugonga tena! Mimi napuliza tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote. Mimi nimefundisha nusu ya kijiji hiki kuendesha gari, na wengine bado wako hai. Nimeyataka yale manyoya ya kofia ya mwanamfalme tangu utotoni. Baba naye aliyataka, hakuyapata. Moyo wake ulisimama asubuhi moja akiwa ameinama kufunga viatu, akiwa na umri huu huu nilio nao sasa.

Lei akaeleza tatizo. Mwanamfalme wa mwaka jana alianguka kwenye mtaa wa pili tu. Maandamano yote yaliyobaki aliyamaliza amelazwa juu ya mkokoteni wa bia, akipunga mkono. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Baraza sasa linataka moyo utakaofika uwanjani. Na kwa kuwa mimi na Huub sote tumo katika ule utafiti wa mafuta ya moyo kule hospitali ya mjini, Baraza litasubiri majibu yetu Jumanne ya wiki ijayo. Moyo uliotengenea zaidi ndio utakaovaa manyoya. Akasema tunywe uji wetu vizuri, akaondoka huku anapiga mluzi.

Uji wenyewe ni unga wa paketi wa kupunguza mwili. Sote tulioingia katika utafiti tuna kitambi na ugonjwa wa sukari. Mwezi wa tisa tulipigwa picha ya moyo katika mashine ya MRI, ile inayotumia sumaku. Daktari wetu ni Annelot, binti wa kaskazini, na kama watu wote wa kaskazini hajui kuzunguka mbuyu. Alinionyesha moyo wangu kwenye kioo. Nyama ya kijivu ikipwitapwita, na kuizunguka, blanketi jeupe. Blanketi hilo ni mafuta. Akasema mengine yameshaingia ndani ya nyama yenyewe. Moyo wangu unasukuma damu vizuri, alisema, lakini ukishasukuma unachelewa kulegea, kwa hiyo haujai sawasawa. Ndiyo maana napungukiwa pumzi. Nikamwuliza kama katika kundi letu yupo mwenye blanketi nene kuliko langu. Akasema hayupo.

Nakiri nilijisikia fahari kidogo.

Tangu siku hiyo ni uji wa paketi asubuhi, mchana na jioni, na mboga za majani kama sungura. Nimefuata masharti yote. Isipokuwa Jumapili. Na siku za kuzaliwa za watu. Na siku za mvua, maana uji wa baridi na mvua ni kumwonea binadamu.

Jumanne, 3 Novemba

Mbinu imenijia nikiwa naoga!

Kwetu Limburg pai ikishaingia mlangoni haikataliwi wala haitupwi. Ukikataa pai ya mtu, watoto wako watakuja kusimuliwa aibu hiyo siku ya harusi zao. Na Huub anaishi peke yake tangu mkewe Netta afariki. Hana wa kumsaidia kula. Pai nzima, mtu mmoja! Moyo wake utazikwa ndani ya krimu.

Nikaenda kwa mwokaji wa kijiji cha jirani, maana wa kwetu ana mdomo. Nikanunua pai ya wali wa maziwa, krimu juu, vipande vya chokoleti juu ya krimu. Nikampelekea Huub. Nikasema ni shukrani kwa siku ile alipozibua sinki letu. Sinki lenyewe alilizibua zamani, Fien mke wangu akiwa bado anavaa miniskati. Huub aliitazama pai kwa muda. Kisha akanitazama mimi. Akasema, "Giel, bwana wee, hukuwa na haja ya kujisumbua." Nikamwambia si kitu, aile ingali mbichi. Nikarudi nacheka.

Njiani, katikati ya mlima, pumzi iliniishia. Jirani mmoja, Mama Bongaerts, alikuwa anatazama kutoka dirishani, kwa hiyo nikasimama nikijifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba. Tena siwezi kuvifikia.

Jumatano, 4 Novemba

Pai ya pili imekwenda kwa Huub. Ya plamu kavu, nyeusi, ile tunayokula misibani. Nimeiona inafaa.

Jioni nikapita kwa mama. Mama Trees anakaa kwenye zile nyumba za wazee karibu na kanisa, na akisikia hatua zangu tu anaweka kahawa. Alisema uso umenisinyaa, eti kwani Fien hanipikii? Nikamweleza kuhusu utafiti. Akaguna. Akatoa pai ya wali, yenye krimu, yenye chokoleti. Loo, sawasawa na ile ya jana! Nikafurahi kwamba mama naye amemgundua yule mwokaji. Kweli chanda chema huvikwa pete.

Nikamwambia nimekatazwa. Mama akasema yeye hawezi kuimaliza peke yake, kutupa ni dhambi, na madaktari huhesabu chakula cha watu baki, cha mama hakihesabiwi. Kitaalamu nina shaka na jambo hilo. Lakini nani atabishana na mwanamke aliyekutoa tumboni? Nilikula vipande viwili. Basi, vitatu. Cha tatu kilikuwa chembamba.

Alhamisi, 5 Novemba

Mambo yanakwenda! Asubuhi nimemwona Huub akipanda mlima kwa miguu, anatweta, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine ameshika suruali isianguke. Masikini! Anajaribu kuzikimbia pai zangu. Alinipungia fimbo. Nikampungia mkono kutoka ndani ya gari.

Nimemwongezea ya cheri.

Jambo moja limenikera. Kile kifaa changu cha kupima sukari kimeleta namba ya ajabu. Fien akaniuliza kama nilinawa kabla ya kujichoma kidole. Sikuwa nimenawa. Nilikuwa nimetoka kwa mama, na kidole kilikuwa na jemu ya plamu. Fien akauliza jemu imefikaje kwenye kidole cha mtu wa uji. Nikasema nilimsaidia mama kufunga kopo. Nikanawa, nikapima tena. Ikashuka.

Ikashuka kidogo tu. Kifaa hiki kinazeeka.

Ijumaa, 6 Novemba

Mazoezi ya bendi. Fedheha!

Katika ule wimbo wa maandamano kuna mahali tuba inashika noti moja ndefu huku wengine wamenyamaza. Noti yangu hiyo. Watu hungoja noti hiyo. Leo niliianza vizuri, kisha katikati kifua kikabana na noti ikafa kama mbuzi. Kabla mtu hajageuka, Huub akaipiga ngoma yake kishindo hata madirisha yakatetemeka. Kiongozi wa bendi akamgombeza, akamwuliza amelewa au ni kiziwi. Huub akaomba radhi, akasema mkono uliteleza.

Ananikejeli! Anataka kuonyesha kwamba yeye nguvu anazo! Nilimkasirikia hata nikakataa kumrudisha nyumbani kwa gari. Akasema hamna neno, anapenda kutembea.

Fien aliponiona nikivua koti aliuliza kwa nini midomo yangu imepauka. Nikasema ni taa.

Jumamosi, 7 Novemba

Sina nguvu za kuandika. Nitaandika.

Kwa mama, pai ya cheri. Nilishakula kipande cha pili ndipo nikaona alama ya kidole pembezoni mwa ukoko. Pana, ya kuzama. Alama hiyo niliiweka mimi, Alhamisi, pai iliponiponyoka nikiwa nafunga mlango wa gari. Nikaweka kidole changu hapo. Kikaenea barabara.

Nikamwuliza mama pai hizi anazinunua wapi. Mama akashangaa. Anunue kwa nini, wakati Huub wa Netta anamletea kila siku? Kijana mwema yule! Yeye mwenyewe amekatazwa vitu vitamu na daktari, na anafuata, si kama wengine. Amemwambia agawane na majirani. Lakini mama aliona majirani wataka nini, na ana mwanawe mwenyewe amekonda.

Pai zangu! Zote! Nimezipeleka kwa mikono yangu, nimezirudisha kwa tumbo langu!

Nyumbani nikamsimulia Fien, bila kugusa habari za manyoya. Alicheka hadi akaketi kwenye ngazi. Alipopata sauti alisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu ameingia na kijiko mkononi. Kisha akasema Baraza likikosa akili ndipo litanipa mimi manyoya. Nikamwuliza manyoya gani. Akasema kijiji kizima kinajua tangu Jumatatu, mke wa Lei anasuka nywele pamoja naye.

Halafu akaacha kucheka. Akaniuliza kama ninajua kwamba siku hizi nikilala nakoroma kama mtu anayezama. Nikamwambia asiniharibie Jumamosi.

Jumapili, 8 Novemba

Kesho ni picha ya pili ya moyo. Hali imekuwa ya dharura, na mtu wa mbinu haishiwi.

Nimepanda darini nikautoa ule mshipi wa kubania tumbo wa marehemu bibi yake Fien. Kitu imara! Kitambaa kigumu, kamba mgongoni, vipande vya chuma ubavuni. Hoja yangu ni hii: mafuta ni laini. Ukiyabana yatahama. Yakihama hayatakuwa kwenye picha. Nikamwomba Fien anikaze. Akaweka goti mgongoni pangu akavuta. Aliuliza hayo mafuta yakihama yataelekea wapi. Sikuwa nimelifikiria hilo. Akasema kwa anavyoona yeye, kuna njia mbili, chini na juu, na chini nimekalia.

Wanawake hawana subira na sayansi.

Mvua siku nzima. Sikunywa uji.

Jumatatu, 9 Novemba

Natamani dunia ingepasuka inimeze, ila isingeweza, kwa upana wangu.

Muuguzi aliniuliza kama nina chuma chochote mwilini. Saa? Hapana. Mkanda? Hapana. Kitu chochote kile? Nikasema kwa sauti ya heshima kwamba hapana. Akanipitishia kile kifimbo cha kutafuta chuma. Kililia kama mtoto! Akanitazama. Akapitisha tena, kikalia tena. Akanifunua gauni la hospitali, na mshipi wa bibi yake Fien ukatokea mchana kweupe.

Hakupiga kelele. Alisema kwa upole tu kwamba sumaku ile ingenivuta mbavu, na kwamba amefanya kazi hiyo miaka mingi na hili ni jipya. Akajaribu kufungua kamba. Fundo la Fien halifunguki. Akaenda kutafuta mkasi. Nikabaki kwenye korido nimeshikilia ukuta, uso umenivimba, na mlango wa pili ukafunguka akatoka nani? Huub! Naye kavaa gauni la hospitali, nyuma wazi. Ametoka kupigwa picha yake.

Huub akaangalia fundo. Akasema nisimame wima, nitoe pumzi. Vidole vya fundi bomba! Fundo likaachia mara moja, tumbo likatoka kwa mshindo na kipande cha chuma kikaruka kikagonga kiti. Nilingoja acheke. Hakucheka. Akaniuliza kama naweza kuvuta pumzi sasa. Hilo liliniuma kuliko kicheko.

Lakini ndani ya mashine nilikuwa bingwa! Kule wanakuamuru uvute pumzi, utoe, ushikilie, ili picha isitikisike. Kushikilia nimezaliwa nako. Kushikilia si kupuliza. Nililala kimya kama mawe ya kanisa, mashine ikigonga na kukereza. Nilipotoka fundi wa mashine alisema hajapata picha safi namna hii mwaka mzima.

Picha safi! Huenda bado nina nafasi.

Jumanne, 10 Novemba

Majibu.

Daktari Annelot alituita mmoja mmoja, lakini Huub alinisubiri nje, kwa hiyo nayajua yote. Blanketi la Huub limepungua sana. Moyo wake sasa unalegea vizuri na kujaa vizuri. Dawa zake za sukari zimepunguzwa nusu. Alinieleza haya huku anaangalia viatu vyake, kama mtu anayeomba radhi. Viatu vyenye kamba, alizifunga mwenyewe.

Kisha mimi. Fien aliingia nami. Daktari akaweka picha mbili kwenye kioo, ya mwezi wa tisa na ya jana. Sikuhitaji kuelezwa. Blanketi la jana ni nene zaidi.

Aliniuliza nimekuwa nikila nini. Nikasema uji. Fien akakohoa. Nikasema uji, na pai. Daktari akauliza pai ngapi, Fien akajibu kwa niaba yangu, na daktari akaweka kalamu chini. Alisema hivi, na naandika kama alivyosema: "Bwana Vroemen, huu si mchezo wa nani kamshinda nani. Moyo wako unakakamaa. Ukiendelea hivi, maji yatajaa kwenye mapafu na utalala umekaa kwenye kiti." Akasema pia mlango haujafungwa. Mafuta ya moyo ni miongoni mwa mafuta yanayoondoka mtu akipungua kweli, na moyo ukivuliwa mzigo huo unaweza kulegea tena. Huub ni mfano. Lakini nianze leo, si siku nyingine.

Nikasema ndiyo. Kisha akasema picha yangu imetoka safi kupita zote, mafuta yanaonekana vizuri ajabu, je, nitaruhusu aionyeshe kwa wanafunzi wake, bila jina? Nikamwambia anaweza kuweka jina. Fien akanifinya.

Kwenye maegesho sikuweza kuwasha gari. Mimi, mwalimu wa udereva. Nilikuwa nimeshika usukani na nilikuwa naogopa, basi, naogopa, hakuna jina jingine la kitu kile. Nilimwona baba kwenye vigae vya jikoni, kiatu kimoja mguuni. Fien akaweka mkono wake juu ya wangu. Akasema manyoya yaende yanakokwenda, yeye anamtaka mwanamume mwenyewe, hata huyu mpumbavu. Tulikaa hivyo mpaka mtu wa nyuma akapiga honi.

Jumatano, 11 Novemba

Siku ya kumi na moja ya mwezi wa kumi na moja, siku ya kumtangaza mwanamfalme. Uwanja ulijaa, watu wamevaa nyekundu, njano na kijani, baridi kali, bia mapema. Mimi nilikuwa kwenye bendi na tuba yangu. Nilijiambia nitapuliza tu, sitatazama.

Katikati ya jukwaa Baraza lilikuwa limeweka bomba la maji la maboksi, kubwa kuliko mtu. Kwa hiyo hakukuwa na siri tena. Lei akazungusha koki, karatasi za rangi zikamwagika, na Huub akateremka kutoka mdomoni mwa bomba, kofia kichwani, manyoya ya kware yakipepea. Suruali nyeupe ilimkaa! Watu wakapiga kelele. Hata mimi nilipuliza, na noti ikatoka, fupi.

Wivu ulinikaba hata nikasahau baridi. Siufichi.

Kisha mwanamfalme hutaja msaidizi wake, yule anayetembea ubavuni pake msimu mzima. Huub akashika maikrofoni. Alisema tangu Netta aondoke nyumba yake imekuwa kimya, na wiki iliyopita kwa mara ya kwanza mtu alimgongea mlango kila siku. Alijua tangu pai ya kwanza kwamba kuna hila, maana kwa miaka yote hii mtu huyo hajawahi kumletea hata biskuti moja. Watu wakacheka. Akasema lakini kengele ililia, na yeye alikwenda kufungua kwa furaha. Kisha akasema anamtaka mtu huyo ubavuni, kwa sharti moja: kila asubuhi wapande mlima pamoja, polepole, hadi moyo wa huyo mtu ulegee. "Giel Vroemen, panda huku, mzee! Na tuba yako!"

Nililia. Nililia ndani ya tuba, na machozi kwenye tuba yanatoa sauti. Mama Trees alikuwa mbele kabisa kwenye kiti chake, akimwambia kila mtu kwamba yule mwenye tuba ni wake. Ngazi za jukwaa zilinishinda katikati. Huub akashuka akanishika mkono, na safari hii sikujifanya nafunga viatu.

Alinikumbatia, akaniomba radhi masikioni kwa habari ya pai. Alidhani zinaliwa na majirani. Nikamwambia tumelipana. Nikamwahidi mlima. Nikamwahidi uji. Nikamwahidi Fien pia, mbele ya watu, na mbele ya Lei, na ya Mungu. Niliahidi kwa moyo wangu wote, jinsi ulivyo.

Alhamisi, 12 Novemba

Mtu mpya! Nimekunywa uji wangu asubuhi bila kukunja uso. Huub alikuja na fimbo mbili. Tukapanda. Nilipumzika kwenye kila benchi, na pasipo na benchi niliegemea ng'ombe wa watu. Huub hakunihimiza. Alinisimulia jinsi Netta alivyokuwa akimcheka anavyokula soseji. Kule juu ukungu uliondoka tukaona paa za kijiji. Nilisema kwa sauti kwamba kumbe afya ndiyo mtaji, na nilimaanisha.

Mchana Lei alipita kunieleza kazi za msaidizi. Kumbe ni kazi kubwa! Kuanzia sasa mpaka karnivali mwanamfalme anaalikwa vijijini kote. Kila kijiji ni bia, nyama ya farasi ya kuchemsha, viazi vya kukaanga. Na mwanamfalme hashiki sahani wala glasi mwenyewe. Anayemletea ni nani? Msaidizi!

Hapo akili ikaniwaka.

Maana picha ya tatu ya moyo ni mwezi wa tatu. Sote wawili, mashine ileile. Na kwa desturi msaidizi wa mwaka huu hufikiriwa kwa manyoya ya mwaka ujao, na Baraza siku hizi linatazama moyo wa nani ni mzuri kuliko wa wengine. Sasa fikiria. Kila glasi nitakayompelekea Huub, imejaa. Kila sahani, mlima. Ataukataaje mkono wa rafiki, mbele ya kijiji kizima? Ikifika Jumatano ya Majivu, karnivali ikiisha, moyo wake utakuwa umerudi ndani ya blanketi, na wangu uko mwepesi kama manyoya yenyewe. Simtakii mabaya. Nampenda Huub. Ni mashindano tu.

Lei alinitajia sharti dogo akiwa mlangoni anavaa kofia. Glasi na sahani za mwanamfalme hazirudi jikoni na kitu, ni dharau kwa wenyeji. Anachobakiza mwanamfalme, msaidizi anakimaliza, kwa heshima ya Eikenrade. Na Huub, Lei alisema, siku hizi anaonja tu.

Hilo halinitishi. Tunaanza Jumamosi, vijiji vinne.